Lugha Iliyorudi Vinywani mwa Watoto

Kila siku ya ibada midomo yetu yatamka maneno ya Kiebrania, wala hatufikiri kwamba twasema lugha ya kigeni. Twasema Amina, twaimba Haleluya, Jumapili ya Matawi twapaza sauti kwa Hosana. Watoto wetu twawaita Yohana, Mikaeli, Hana na Yosefu, na kila jina katika hayo lina maana yake kwa Kiebrania. Wala si kanisani tu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kimeazima maneno mengi ya Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa kwetu asemapo damu, roho, nafsi, baraka, malaika au salamu, asema maneno ambayo Mwebrania angeyatambua, kama mtu atambuavyo sura ya binamu yake aliyekulia nchi ya mbali. Hata tuhesabupo sita, saba na tisa, twapita karibu na mlango wao.

Basi mtu aweza kuuliza: Je, lugha hiyo ya Musa na Isaya ingali hai, ama ni lugha ya Kitabu tu? Kwa muda wa miaka ipatayo 1,700 jibu lilikuwa kwamba hapana mtoto duniani aliyenyonya maziwa pamoja na lugha hiyo. Leo jibu ni lingine. Leo katika nchi ya Israeli watoto hugombania mpira kwa Kiebrania, muuza samaki hubishana na mnunuzi kwa Kiebrania, na askari, daktari na dereva hufanya kazi zao kwa lugha hiyo hiyo. Watu wapatao milioni 9 huisema. Zimekuwako lugha nyingine ambazo watu wamejaribu kuzirudisha baada ya kunyamaza, na baadhi zimepata wasemaji kidogo. Lakini hapana iliyorudi kwa kadiri hii, hata kuwa lugha ya taifa zima.

Sisi tulioandika haya ni walimu, na maneno ndiyo jembe letu la kila siku. Tumeona vema kusimulia habari hii kwa utaratibu, maana ndani yake mna faraja, na mna onyo pia.

Kwanza yatupasa kujua jinsi lugha hiyo ilivyotoka vinywani mwa watu. Lugha haifi kwa siku moja, kama mtu aliyechomwa mkuki. Hupungua nyumba kwa nyumba. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 13, twasoma jinsi liwali yule alivyorudi Yerusalemu akakuta Wayahudi waliooa wake wa Ashdodi, na wa Amoni, na wa Moabu; na nusu ya watoto wao walisema lugha ya Ashdodi, hawakujua kusema Kiyahudi. Nehemia akakasirika sana. Wengi huisoma sura hiyo kwa ajili ya mambo ya ndoa. Sisi walimu twaona neno jingine ndani yake: Nehemia hakuuliza kama vitabu vimepotea, kwa maana havikupotea. Aliwasikiliza watoto, akajua hali ya lugha.

Baadaye Kiaramu, kilichokuwa lugha ya maliwali na ya masoko katika nchi zile zote, kilizidi kuenea. Ndiyo sababu katika Injili twakuta maneno ya Kiaramu kinywani mwa Bwana Yesu, kama yale aliyomwambia binti wa Yairo. Kisha vikaja vita vikuu vya Bar Kokhba na Warumi, tangu mwaka 132 hata 135, na nchi ya Uyahudi ikaharibiwa, vijiji vikabaki ukiwa. Karibu na mwaka 200 walimu wa Torati wakakusanya sheria zao katika Mishna, kwa Kiebrania. Na kadiri ya wakati huo, au punde baadaye, lugha yenyewe ikatoka majumbani.

Walakini haikuzikwa. Hili ni jambo kubwa katika habari yetu, na asiyelishika hataelewa yaliyofuata. Wayahudi walipotawanyika duniani walichukua vitabu vyao mgongoni. Huko Ulaya ya mashariki wakawa wakisema Kiyidishi, ambacho ni Kijerumani cha zamani kilichochanganyika na maneno ya Kiebrania na ya Kislavi. Waliotoka Hispania wakasema Kiladino. Waliokaa Yemeni, Baghdad na Moroko wakasema Kiarabu. Lakini wote waliomba kwa Kiebrania, na watoto wao wa kiume walifundishwa kukisoma tangu utoto. Mwenye sheria wa Yemeni aliweza kumwandikia mwenye sheria wa Poland, na barua ikasomwa. Washairi walitunga kwa lugha hiyo. Na katika karne ya 19 watu wa Urusi walianza kuandika kwa lugha hiyo magazeti na hadithi, kama Abraham Mapu, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1853. Hata katika masoko ya Yerusalemu, Wayahudi wa makabila mbalimbali waliokosa lugha moja walikutana kwa Kiebrania cha kubahatisha. Lugha ilikuwa kama mbegu iliyowekwa ghalani: hai, lakini haijapandwa.

Mtu aliyejulikana kuliko wengine kwa kuipanda aliitwa Eliezer Ben-Yehuda. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa Luzhki, katika Dola ya Urusi, mahali ambapo sasa ni nchi ya Belarus. Jina lake la kwanza lilikuwa Eliezer Perlman. Alisomeshwa Torati, kisha akasoma elimu za kidunia, na mwaka 1878 akaenda Paris kusomea uganga. Huko akashikwa na kifua kikuu, nao uganga hakuumaliza. Lakini wazo moja lilikwisha kumshika kuliko ugonjwa: kwamba Wayahudi hawatakuwa taifa pasipo nchi yao na lugha yao, na lugha hiyo iwe ya kusemwa, si ya kusomwa tu. Mwaka 1879 gazeti moja la Kiebrania lililopigwa chapa Vienna lilitoa makala yake yaliyoitwa Swali Liwakalo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21.

Wenye akili wengi hawakulisadiki wazo hilo. Hata Theodor Herzl, ambaye baadaye aliwakusanya Wayahudi wa Ulaya katika shauri la kutafuta nchi, hakutazamia kwamba Kiebrania kitakuwa lugha ya watu wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1896 aliona kwamba hapana ajuaye Kiebrania cha kumtosha hata kununua tikiti ya gari la moshi. Twafahamu kwa nini alisema hivyo. Maneno mbalimbali ya Agano la Kale la Kiebrania hayazidi sana 8,000, na katika hayo yamo majina ya sadaka, silaha na mifugo ya kale. Lakini hamna kalamu ya wino, wala soksi, wala gari la moshi.

Mwaka 1881 Ben-Yehuda akahamia Yerusalemu, nchi ikiwa chini ya Waturuki. Alikwenda pamoja na mkewe, Devora, ambaye Kiebrania alikijua kidogo sana. Mume akamwambia kwamba nyumba yao itakuwa nyumba ya Kiebrania peke yake. Mwaka 1882 wakapata mtoto wa kiume, nao wakaazimu kwamba sikio lake lisisikie lugha nyingine. Wageni waliosema lugha nyingine walizuiwa wasimkaribie. Watoto wa kucheza naye hawakuwako, maana hapakuwa na mtoto mwingine wa lugha hiyo. Alichelewa kusema, na majirani wakasema kwamba baba atamfanya mtoto wake kuwa bubu. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, akiitwa Itamar Ben-Avi, alisimulia jinsi baba yake alivyomkuta mama akimwimbia wimbo wa Kirusi, akaghadhibika mno. Mama yule alikuwa mbali na kwao, mgonjwa, maskini, akimbembeleza mwanawe kwa wimbo aliobembelezwa nao yeye. Na hata huo akakatazwa.

Sisi hatuwezi kuyapita maneno hayo kwa haraka. Watu husifu nia ya baba, nayo yastahili kusifiwa; lakini mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mama. Alijifunza lugha ngeni akiwa mtu mzima, akaisema kwa mtoto wake mchana na usiku, pasipo jirani wa kumsaidia neno. Devora alikufa mwaka 1891 kwa kifua kikuu, na muda mfupi baadaye watoto watatu kati ya watoto wake wakafa kwa maradhi. Kabla ya miaka miwili kupita Ben-Yehuda alimwoa ndugu mdogo wa marehemu, aliyeitwa Hemda, naye akawa msaidizi wa kazi yake hata mwisho. Wayahudi wengine wa Yerusalemu waliokuwa wakali wa dini walimpinga, wakaona ni kufuru kuitumia lugha takatifu kwa mambo ya jikoni na sokoni. Walimtenga, na mwaka 1894 Waturuki walimfunga kwa ajili ya maneno ya gazeti lake, adui zake wakiwa wamemsingizia uasi.

Sasa tuseme habari ya maneno, maana hapo pana elimu ya kupendeza. Neno jipya litoke wapi? Lugha za ukoo huu hujenga maneno juu ya shina la herufi tatu. Jambo hili twaweza kuliona katika Kiswahili chetu, katika maneno tuliyoazima Uarabuni: kitabu, katibu, maktaba. Herufi ni zile zile, k na t na b, na yote yahusu kuandika. Katika Kiebrania shina hilo lipo pia, na kwalo husemwa barua na anwani. Basi watunga maneno walitafuta shina la zamani, wakalivika nguo mpya. Neno mila maana yake ni neno. Ben-Yehuda akafanya milon, yaani kamusi. Neno et maana yake ni wakati. Yeye akafanya iton, yaani gazeti. Gari la moshi likaitwa rakevet, katika shina la kupanda chombo au mnyama, na shina hilo ndilo lililotupa sisi neno merikebu kwa njia ya Kiarabu. Basi hata ile tikiti ya Herzl ikapata kununuliwa.

Neno la ajabu kuliko yote ni la umeme. Katika sura ya kwanza ya Ezekieli, mstari wa 4, nabii aona katika moto kitu chenye kung'aa ambacho Kiebrania hukiita hashmal. Wafasiri wa zamani waliolitia Agano la Kale katika Kiyunani walilifasiri neno hilo kwa elektron, na katika neno hilo hilo la Kiyunani mataifa ya Ulaya yalipata jina la umeme. Mshairi Yehuda Leib Gordon akalirudisha neno la nabii: umeme ukawa hashmal. Hivyo mtoto wa Israeli abonyezapo kitufe cha taa, atumia neno lililoonekana na Ezekieli kando ya mto Kebari.

Ben-Yehuda alitafuta maneno katika Kiarabu pia, akiona kwamba ndugu aweza kumwazima ndugu. Mwaka 1890 yeye na wenzake wakaunda halmashauri ya lugha, ambayo mwaka 1953 iligeuka kuwa Akademia ya Lugha ya Kiebrania. Lakini halmashauri haitawali vinywa. Nyanya yeye aliiita badura, kwa kufuata Kiarabu. Watu wakapenda neno jingine, agvaniya, lenye shina la kutamani, ambalo yeye aliliona halina adabu. Alikataa kulitumia, lakini leo Waisraeli wote hununua agvaniya, na badura limesahauliwa. Twajifunza hapo kwamba mwenye elimu aweza kutunga neno, lakini ni mama aendaye sokoni atakayelipa uhai.

Hata hivyo nyumba moja haifanyi taifa. Kama kazi ingaliachiwa nyumba ya Ben-Yehuda peke yake, leo tungalikuwa na habari ya mtu mmoja mwenye bidii na mtoto wake mpweke. Walioieneza lugha hasa ni walimu, nao majina yao hayajulikani sana. Katika mwaka 1882 mwalimu mkuu Nissim Bechar wa shule moja ya Yerusalemu alimwita Ben-Yehuda afundishe Kiebrania kwa Kiebrania. Zamani mwalimu alisoma mstari, akaufasiri kwa Kiyidishi au kwa lugha nyingine ya watoto. Sasa mwalimu alishika jiwe akasema jiwe, alifungua mlango akasema afungua mlango, hakufasiri. Ben-Yehuda mwenyewe hakuvumilia kazi hiyo muda mrefu kwa ajili ya kifua chake, lakini njia ilikwisha kuonekana.

Mwaka 1886 katika kijiji cha wakulima, Rishon LeZion, ilifunguliwa shule iliyofundisha masomo yote kwa Kiebrania, na David Yudelovitch alikuwa miongoni mwa walimu wake. Tufikiri hali ya walimu hao. Hawakuwa na kitabu cha hesabu, wala cha jiografia, wala cha mimea. Lugha yenyewe hawakuizaliwa nayo. Walijifunza jioni watakayofundisha asubuhi. Kila mwalimu alijitungia maneno yake, hata watoto wa kijiji hiki wakawa na neno moja, na wa kijiji cha pili wakawa na neno lingine kwa kitu kile kile. Mwaka 1898 shule ya watoto wadogo ilifunguliwa hapo Rishon LeZion, na mwaka huo huo Yitzhak Epstein, mwalimu wa Galilaya, alieleza katika gazeti njia ya kufundisha Kiebrania kwa Kiebrania. Mwaka 1903 walimu wa nchi ile walikutana Zikhron Ya'akov, wakafanya chama, wakapatana juu ya mambo mengi, hata matamshi: wakachagua yaliyokaribia ya Wayahudi wa Hispania na nchi za Kiarabu, ingawa wengi wao wenyewe walikulia matamshi ya Urusi na Poland.

Mwaka 1913 ukaja mshindano mkubwa. Chama cha Wayahudi wa Ujerumani kilikuwa kikijenga chuo cha ufundi Haifa, nacho kilitaka masomo ya sayansi yafundishwe kwa Kijerumani, kwa kuwa, walisema, Kiebrania hakina maneno ya elimu hizo. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Vitabu vya Kijerumani vilikuwa vingi, na vya Kiebrania havikuwapo. Lakini walimu na wanafunzi katika shule za chama hicho waligoma, wakatoka madarasani. Mwalimu David Yellin aliacha cheo chake akaanzisha chuo cha walimu cha Kiebrania. Chuo cha Haifa kilipofunguliwa mwishowe, mwaka 1924, kilifundisha kwa Kiebrania. Na mwaka 1925 chuo kikuu cha Kiebrania kikafunguliwa Yerusalemu. Maneno ya sayansi yalitungwa kwa sababu yalihitajiwa darasani. Kama wangalingoja maneno yatungwe kwanza, wangalingoja hata leo.

Matunda yakaonekana upesi. Wayahudi wa nchi ile walipohesabiwa katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia, kama watu 4 katika kila 10 walisema kwamba Kiebrania ndiyo lugha yao, na katika watoto wa vijiji vipya na wa Tel Aviv hesabu ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilikiweka Kiebrania kuwa lugha mojawapo ya serikali, pamoja na Kiingereza na Kiarabu. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Ben-Yehuda akafa. Kamusi yake kubwa ilikuwa haijamalizika. Hemda na mwanawe Ehud na wataalamu wengine wakaiendeleza, na mwaka 1959 ikatimia vitabu 17. Mwaka 1949, watu walipokuwa wakimiminika kutoka nchi nyingi, ilifunguliwa Yerusalemu shule ya kwanza ya kuwafundisha wageni watu wazima. Katika nyumba nyingi wazazi walisahihishwa na watoto wao, jambo geni kwetu sisi tuliozoea kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwaka 1966 mwandishi Shmuel Yosef Agnon akapata tuzo ya Nobel kwa vitabu vya Kiebrania.

Hapa mwenye kupenda hadithi njema angeweka kalamu chini. Sisi hatuwezi, kwa maana shamba hilo halikulimwa bila kung'oa kitu. Waliotaka Kiebrania kiishi walikipiga vita Kiyidishi, lugha ya mama zao wenyewe. Mwaka 1923 vijana wa Tel Aviv waliunda kikosi cha kuitetea lugha, wakawakaripia watu njiani waliosikiwa wakisema lugha nyingine. Na mwaka 1930 sinema ya Kiyidishi ilipoonyeshwa mjini humo walifanya ghasia. Miaka michache baadaye serikali ya Hitler iliua Wayahudi milioni 6 katika Ulaya, na wengi sana wao walikuwa wasemaji wa Kiyidishi. Walionusurika wakafika katika nchi ambamo lugha ya marehemu wao ilionewa haya. Kiladino nacho, na Kiarabu cha Wayahudi wa Baghdad na Yemeni, vikanyamaza nyumba kwa nyumba, kwa namna ile ile ambayo Kiebrania kilinyamaza zamani. Mtoto alimwonea haya bibi yake mbele ya wenzake.

Tena nchi ile haikuwa tupu. Watu wengi zaidi katika nchi hiyo walisema Kiarabu, wakilima na kufuga, Waislamu na Wakristo. Yule mwalimu Epstein, aliyeandika njia ya kufundisha Kiebrania, ndiye aliyesimama Basel mwaka 1905, na mwaka 1907 akapigisha chapa maneno yake, akiwaonya wenzake kwamba wamelisahau swali kubwa kuliko mengine, yaani haki ya Waarabu waondolewao katika mashamba waliyoyalima. Wachache walimsikiliza. Katika vita vya mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na ugomvi huo haujatulia hata sasa. Kiarabu kilikuwa lugha ya serikali katika Israeli pamoja na Kiebrania hata mwaka 2018, sheria ilipokipunguzia cheo hicho. Twamheshimu mwalimu yule, kwa kuwa aliipenda lugha yake kwa moyo wote, na mapenzi hayo hayakumziba masikio asimsikie jirani.

Basi habari hii yatuhusu nini sisi wa vijijini? Twafundisha mahali ambapo bibi humwita mjukuu kwa lugha ya kabila, na mjukuu humjibu kwa Kiswahili. Amemwelewa, lakini hawezi kumrudishia neno katika lugha ile ile. Mtoto wake yeye hatamwelewa kabisa. Hatusemi haya kukilaumu Kiswahili, kilichotuunganisha makabila yote na ambacho kwacho tunaandika sasa. Wala hatusemi wazazi wafanye kama Ben-Yehuda, kumfungia mtoto mlango asisikie lugha nyingine. Sikio la mtoto lina nafasi ya lugha mbili na tatu, na wazee wetu wengi ni mashahidi wa jambo hilo. Twasema hivi tu: Nehemia alipotaka kujua hali ya lugha hakufungua sanduku la vitabu. Alisikiliza kiwanjani. Nasi katika nyumba nyingi tuna Agano Jipya la lugha ya kabila, limefungwa kwa kitambaa safi, na hapana mtoto aombaye maji kwa lugha hiyo.

Wayahudi waliweza kuirudisha lugha yao kwa sababu walikuwa na vitabu vya miaka zaidi ya 2,000, na kila kizazi kilivisoma. Lugha zetu nyingi hazina ghala kama hilo. Zina kitabu kimoja au viwili, na vilivyobaki vimo kichwani mwa wazee: majina ya miti na ya mvua, mafumbo, maneno ya kumtuliza mgomvi, na nyimbo za kubembeleza kama ule wa Devora. Mzee afapo, ghala lateketea, na hatatokea Ben-Yehuda wa kuchimbua majivu. Kwa hiyo kazi yetu ni nyepesi kuliko ya Wayahudi wale, na muda wetu ni mfupi kuliko wao. Wao ilikuwa lazima wakamtafute nabii Ezekieli ili wapate neno. Sisi yatosha kumpeleka mtoto kwa bibi yake, akae naye jioni apurapo maharagwe, na bibi aombwe asimgeuzie maneno. Apokosea, asichekwe. Apojibu neno moja, lipokelewe kwa furaha, maana haba na haba hujaza kibaba.